Gramu 27, Bila GPS: Crazyflie Yaelea Chini ya Migomba ya Marangu

Jamani, imesimama! Usawa wa kiuno, katikati ya migomba ya kihamba kimoja, shamba la nyumbani huko Marangu, mlimani Kilimanjaro, droni inayoenea kwenye kiganja imesimama hewani na haiendi kokote. Nimeipa amri moja tu kutoka kwenye laptop: paa, kisha kaa hapo. Propela zake nne zinalia kwa sauti nyembamba, majani makavu yaliyo chini yake yanatetemeka, na kuku wa nyumba hii wameshakimbilia jikoni. Juu yake migomba imefunga anga, juu ya migomba kuna mringaringa uliotanda matawi, na juu ya mringaringa kuna ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka msituni. Haina GPS. Narudia: haina GPS! Haiulizi setilaiti yoyote, hailetewi habari kutoka mnara wowote, wala hakuna mtu anayeishikilia kwa rimoti. Yenyewe inajua iko wapi, na inajua hivyo kwa akili inayobebwa ndani ya mwili wake wa gramu 27.

Nimeona droni kubwa zenye bei ya gari na sijawahi kusisimka namna hii.

Kilicho mkononi

Jina lake ni Crazyflie 2.1, kazi ya Bitcraze, kampuni ndogo ya mjini Malmö, Uswidi. Ina upana wa sentimita 9 na kidogo. Haina fremu kwa sababu bodi ya saketi ndiyo fremu: mota zimepachikwa kwenye ncha zake nne, betri imekaa mgongoni, kazi imekwisha. Ubongo wake ni chipu ya STM32 inayokwenda kwa megahezi 168, yenye kumbukumbu ya RAM ya kilobaiti 192. Simujanja ya bei ya chini kabisa pale stendi ya Moshi inaizidi kumbukumbu hiyo mara maelfu, lakini iulize simu hiyo kama inaweza kujishikilia hewani!

Tumboni nimeipachika Flow deck, kibodi (yaani bodi ndogo ya saketi) chenye macho mawili yanayotazama chini. Moja ni chipu ya PMW3901, kamera ndogo kuliko punje ya mahindi. Jingine ni VL53L1x, leza isiyoonekana kwa macho yetu, inayopima umbali hadi mita 4. Mgongoni nimeiwekea Multi-ranger, yenye leza tano za aina hiyohiyo: mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu. Vibodi vyote viwili kwa pamoja havifiki gramu 5. Hakuna kulehemu wala kuchezea nyaya. Unavichomeka kwenye pini, unawasha, na programu inavitambua papo hapo.

Na hapa ndipo panaponipa raha zaidi: michoro ya saketi iko wazi na programu zake ziko wazi. Kila mstari unaoiweka hewani unaweza kuusoma, kuubadilisha na kuurudisha ndani ya droni jioni hiyohiyo.

Kwa nini mlima huu hasa

Mtu atasema GPS ipo na inafanya kazi vizuri, basi taabu yote hii ya nini? Kweli ipo, na juu kileleni inafanya kazi vizuri mno. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya setilaiti hadi Uhuru na kupata urefu wa mita 5,892 na nusu, chini kidogo ya zile 5,895 zilizopimwa mwaka 1952 na kukaririshwa shuleni hadi leo. Juu ya maji pia GPS inatamba: mwaka 2018 droni ya DHL na Wingcopter ilisafirisha dawa kuvuka Ziwa Victoria hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kileleni na ziwani anga iko wazi.

Lakini watu wa Kilimanjaro hawaishi kileleni. Wanaishi chini ya majani! Kihamba cha Mchagga ni ghorofa la mimea: juu mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Ni kilimo kilichoivutia dunia hadi mwaka 2011 FAO ikakitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Na ni kilimo kinachoficha kila kitu kisionekane kutoka angani. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yanafika ardhini yakiwa dhaifu sana. Majani yenye maji yanayanyonya. Kuta za korongo zinayarudisha yakiwa yamechelewa, kipokezi kikadhani kiko ng'ambo ya mto. Ukiingia ghala la kahawa lenye paa la bati, hayafiki. Ukishuka kwenye yale mapango ya Marangu ambayo Wachagga waliyachimba kuficha watu na mifugo wakati wa vita na Wamaasai, hakuna mawimbi kabisa.

Tena si majani na miamba peke yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi mawimbi ya GPS yalivyovurugwa Kivu Kaskazini mwaka 2024, katika anga ambayo ndege za misaada huitegemea. Chombo kinachojua njia kwa kuuliza setilaiti peke yake ni chombo kinachoweza kupotezwa.

"Kinajuaje kiko wapi?"

Mama mwenye kihamba aliitikia shikamoo yangu, akaizunguka droni mara mbili akiwa ameshika kanga yake isipeperuke, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu teknolojia hii.

"Sasa mwanangu, hiki kidudu kinajuaje kiko wapi?"

"Mama, kinafanya kama wazee wanapoamua mpaka wa kihamba."

Akacheka, kwa sababu hilo analijua kuliko mimi. Masale, ile mimea ya mpakani, yaking'olewa, wazee hawamsikilizi mtu mmoja. Wanamwita jirani anayeyakumbuka vizuri ya juzi lakini ya zamani anayachanganya. Wanamwita mzee aliyeyapanda masale yenyewe, ambaye macho sasa yamefifia. Wanamwita anayepita hapo kila siku kukata majani. Kila mmoja anajua kitu, kila mmoja ana upungufu wake, na busara ni kujua ni nani wa kupewa uzito gani katika jambo gani. Mpaka unawekwa pale ushahidi unapokutana. Ndani ya droni hii, baraza hilo linakaa mara 100 kwa sekunde.

Shahidi wa kwanza ni akselerometa na jairoskopu, mapacha wanaokaa kwenye chipu moja. Mmoja anahisi kila msukumo, mwingine anahisi kila mgeuko. Ni wepesi ajabu, hawahitaji mwanga wala mawimbi, lakini makosa yao yanazaana. Ili kupata mahali kutokana na msukumo, unajumlisha mara mbili: msukumo unazaa kasi, kasi inazaa umbali. Kosa dogo la mita 0.01 kwa sekunde kwa sekunde linakupoteza nusu mita ndani ya sekunde 10. Ukiliacha dakika nzima, umepotea mita 18! Huo ni upana wa kihamba cha mtu.

Shahidi wa pili ni barometa, inayokisia kimo kwa mgandamizo wa hewa. Hapa Moshi, ukipanda takribani mita 9 mgandamizo unashuka kwa hektopaskali moja, na chipu hii inahisi hata badiliko dogo kuliko hilo. Lakini katika nchi za tropiki hewa yenyewe ina kupwa na kujaa: mgandamizo hufika juu karibu saa nne asubuhi na kushuka chini karibu saa kumi jioni, tofauti ikiwa hektopaskali tatu hivi. Maana yake, barometa uliyoiacha mezani wakati wa chai ya asubuhi itaamini alasiri kwamba meza imepaa zaidi ya mita 20. Kwa badiliko la sasa hivi mwamini. Kwa habari ya tangu asubuhi, usimwamini.

Shahidi wa tatu ndiye aliyeniteka moyo: lile jicho la tumboni. Linaona nukta 35 kwa 35 tu, yaani 1,225, kwa rangi ya kijivu. Halijui jani ni nini, halijui udongo ni nini. Linachojua ni kwamba picha ya sasa imesogea kidogo kutoka picha iliyopita, upande gani na kiasi gani, na linalinganisha picha zaidi ya mia kila sekunde. Tatizo ni kwamba likiwa peke yake haliwezi kutofautisha ardhi ya karibu inayopita polepole na ardhi ya mbali inayopita kasi. Hapo leza inatoa ushahidi wake: ardhi iko sentimita 80 chini. Ghafla mwendo wa nukta unageuka kuwa mwendo wa mita! Bado kuna hila moja: droni ikiinama tu bila kusogea, picha nayo inasogea. Hapo jairoskopu anasimama na kusema, hii ilikuwa kuinama, itoeni kwenye hesabu. Wanapunguziana makosa! Hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu anayejua droni inakwenda wapi, lakini ukiwaweka pamoja, wanajua.

Hesabu inayowapatanisha ni chujio la Kalman. Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest, aliiandika mwaka 1960. Stanley Schmidt wa kituo cha Ames cha NASA akaona haraka kwamba inaweza kuongoza chombo kwenda mwezini, na kazi hiyo ikaingia katika safari za Apollo. Leo hesabu ya ukoo huohuo iko ndani ya kitu kinachoelea juu ya magimbi ya Marangu. Mimi hilo linanitoa machozi, na sioni haya kusema.

Majaribio

La kwanza nililifanya mezani, propela zikiwa zimezimwa, na usilikose hata kama huna mpango wa kurusha. Unaunganisha laptop, unachora grafu ya kadirio la mahali na ya namba nyingine inayoitwa kalman.varPX. Hiyo ya pili ni shaka ya droni juu yake yenyewe. Ukiisogeza kwa mkono juu ya kitambaa cha maua, mstari wa mahali unakufuata na shaka inabaki chini. Sasa funika lile jicho kwa kipande cha tepu nyeusi. Mstari wa shaka unaanza kupanda, na unaendelea kupanda kadiri unavyongoja. Bandua tepu, unashuka. Umewahi kuona mashine inayokuambia, kwa namba, ni kiasi gani haijiamini? Mwanafunzi akiona mstari ule ukipanda na kushuka mbele yake, ameelewa kitu ambacho mhadhara mzima unaweza kushindwa kumpa.

La pili lilikuwa sebuleni, juu ya ile sakafu ya saruji nyekundu iliyopakwa nta na kusuguliwa hadi inang'aa kama dirisha. Droni ikaanza kuelea pembeni taratibu. Na ndivyo inavyopaswa! Juu ya uso laini unaong'aa, nukta zote 1,225 zinafanana, hakuna cha kushika. Nikatandika mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau na kijani, nikairusha juu yake, ikatulia papo hapo. Kila msuko wa mkeka ni alama, kila mstari ni ushahidi. Nje, juu ya majani makavu ya mgomba, ni bora zaidi, kwa kuwa hakuna majani mawili yaliyoanguka sawa. Magunia ya katani ghalani nayo ni karamu kwa jicho hili.

La tatu ni la watoto. Unawasha programu ya mfano inayotumia Multi-ranger, unaleta kiganja karibu, droni inakikwepa. Unaleta kiganja upande wa pili, inarudi. Nikaielekeza kwenye shina la mgomba, ikasita, ikabaki mbele yake bila kuligusa. Watoto wa jirani walipiga makofi, nami nilipiga pamoja nao.

Kaka yake yuko Mars

Usidhani hii ni michezo. Tarehe 19 Aprili 2021 helikopta ya NASA iitwayo Ingenuity ilipaa kwenye sayari ya Mars, ambako hakuna GPS kabisa. Ilijiongoza kwa nini? Kwa kamera inayotazama chini, leza ya kupima kimo na vihisi vya msukumo na mgeuko. Familia ileile! Ilipangiwa safari tano za majaribio, ikaruka mara 72. Safari yake ya mwisho ilikuwa Januari 2024, ilipopita juu ya mchanga mtupu usio na mawe wala alama za kutosha kwa kamera kushika. Ni somo lilelile la sakafu iliyosuguliwa, likitolewa kwenye sayari nyingine. Kijana wa Moshi anayejaribu mkeka na saruji sebuleni kwao anashughulika na swali lilelile lililowakabili wahandisi wa Mars.

Mipaka yake

Napenda kifaa hiki kiasi cha kukutaka ukijue vizuri kabla hujatoa hela. Betri ya miliampea-saa 250 inakupa takribani dakika 7 za kuruka, kisha dakika 40 hivi za kuchaji, kwa hiyo nunua betri za ziada. Leza inaona hadi mita 4 na jua kali linaipunguzia uwezo huo. Kivuli cha migomba kinaifaa, uwanja wa mpira wa saa saba haufai. Jicho linataka mwanga, kwa hiyo pangoni uende na taa, ingawa leza zinaona gizani kwa sababu zinabeba mwanga wao. Upepo unaopanda mlima mchana ni mkubwa kwa chombo cha gramu 27. Ruka asubuhi mapema.

La kukumbuka zaidi: droni hii haina kumbukumbu ya mahali. Inajumlisha mwendo, na kila jumla inabaki na kosa dogo. Ikizunguka shamba na kurudi, haitasema "hapa nilishapita". Kwa hilo unahitaji kamera kamili na kompyuta kubwa zaidi inayochora ramani huku ikijitafuta ndani ya ramani hiyohiyo, kazi ambayo mifumo kama ORB-SLAM na VINS-Mono imeifungulia njia. Na haibebi mzigo: watengenezaji wanashauri usiizidishie gramu 15. Haitapulizia dawa kahawa yako wala kuhesabu mikungu yako.

Bei ya droni pamoja na vibodi vyake inazidi dola 200, bado usafiri na ushuru. Na sheria ni sheria: kabla ya kurusha nje, pitia taratibu za mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro usirushe chochote bila kibali cha TANAPA.

Ni ya nani

Ni ya mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi waone kasi ikizaa umbali mbele ya macho yao. Ni ya wanafunzi wa uhandisi wanaoweza kuandika mistari michache ya Python na kuona chombo kikitii. Ni ya mtafiti wa kahawa au migomba anayejua kwamba ugonjwa huanzia chini ya majani, mahali ambapo picha za droni za juu angani hazioni, na anayetaka kuanza kufikiria mashine itakayopita huko chini kati ya shina na shina. Mashine hiyo itakuwa kubwa zaidi, huenda ikatumia ArduPilot au PX4, programu nyingine zilizo wazi ambazo nazo zimejengwa juu ya chujio la Kalman. Aliyeielewa hii ya gramu 27 ataifungua ile kubwa na kukuta mashahidi anaowafahamu.

Na nasema hili kwa moyo wote: uhodari wa kwenda bila setilaiti unatakiwa ukomae hapa. Nchi tambarare yenye anga wazi inaweza kuridhika na GPS. Sisi tuna vihamba, makorongo, maghala na mapango. Tuna shida halisi nje ya mlango, na sasa tuna kifaa cha kuanzia kinachoenea kiganjani.

Hukumu yangu ni nunua, tena nunua kwa pamoja. Droni moja, Flow deck, Multi-ranger na betri nne zinatosha darasa zima kwa mwaka mzima. Siku ya kwanza msiirushe: chukueni tepu nyeusi, fungueni grafu ya shaka, kila mwanafunzi afunike jicho na kulifunua kwa mkono wake. Siku ya pili tandikeni mkeka. Siku ya tatu itoeni nje, chini ya migomba, kabla upepo haujaanza.